Wanawake Wanne wa Daftari la Mjomba

Mjomba Wolfgang Tluway alivua viatu kabla ya kupanda chombo chochote. Basi la Babati, bodaboda, hata trekta la parokia: aliunganisha kamba za viatu, akavining'iniza shingoni, ndipo akapanda. Makondakta wa Mbulu walimzoea. "Mwalimu, basi letu halina kapeti," walimwambia. Yeye alijibu kwamba chombo ni chombo, na kikipinduka, viatu ndivyo vinavyokuvuta chini.

Tabia hiyo aliitoa Tanga. Alizaliwa Nambis, huko kwetu Mbulu, kwenye baridi na mashamba ya ngano, akafundisha hesabu Tanga kwa miaka kumi na mmoja. Mkewe, Letisia, alibaki na ng'ombe. Alisema hawezi kulala mahali ambapo hata usiku mtu anatoka jasho.

Huko Tanga, jirani yake Dionis alikuwa na kayaki sita, mitumbwi myembamba ya plastiki ya kupigia kasia, pamoja na mbao ndefu ambazo mtu huzipanda na kupiga kasia akiwa amesimama. Alizikodisha kwa wageni. Jumapili baada ya misa mjomba alikwenda kumsaidia, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alianza kuandika daftari: mahali gani pazuri, saa ngapi, na mtu wa aina gani apelekwe wapi.

Daftari hilo ndilo lililotaka kuvunja nyumba yake.

Desemba moja alikuja likizo, na Mama Eva, ndivyo tulivyomwita Letisia, alilikuta kwenye begi alipokuwa akitafuta nguo za kufua. Aliniita. Nilikuwa nafundisha pale pale Nambis.

"Soma," aliniambia. "Wewe umesoma chuo. Labda mimi sielewi."

Nilisoma. *Toten: yuko karibu, anafaa wanaoanza. Ulenge: mrembo sana, usimwendee jioni. Yambe: mpole asubuhi, baada ya saa saba ana hasira. Karange: nimelala kwake mara mbili, sijajuta.*

"Wanne," Mama Eva alisema. "Na mmoja kazi yake ni wanaoanza."

Hakuwa amefungua ukurasa wa pili, wenye mchoro wa mdomo wa mto Mkulumuzi, kivuli cha mikoko, na mishale ya kuonyesha maji yanapotoka na yanaporudi. Nilimfungulia. Hakutaka kuangalia.

Kosa lilikuwa la Kiswahili. Sisi Wairaqw tumekipata shuleni. Katika lugha yetu ya nyumbani vitu vingi ni vya kike au vya kiume, na mjomba, ambaye hakukosea hesabu, aliviandika visiwa kama watu. Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamtazama mkewe, akaacha kucheka.

"Mama Eva, ni visiwa."

"Kisiwa gani kina hasira?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kuhusu jambo hilo. Hakupiga kelele wala kwenda kwao. Lakini Mama Eva alikuwa mtu wa kugombana: aligombana na mjomba kuhusu chumvi, kuhusu lango la zizi, kuhusu jinsi anavyokohoa kanisani. Tangu siku hiyo alimpa chakula na kumjibu vizuri. Januari mjomba alipokuwa akirudi kazini, nilimsindikiza stendi.

"Shikamoo, Mjomba. Mbona umekonda?"

"Marahaba. Hagombani nami tena," alisema. "Ananiambia *asante*. Mwanangu, nimekwisha."

Ndiyo sababu mwezi wa sita, shule zilipofungwa, nilimwomba Mama Eva anisindikize Tanga. Nilimdanganya kwamba naogopa kusafiri peke yangu. Alinielewa, akaja. Tulilala Arusha, na kesho yake jioni mjomba akatupokea, na Mama Eva akamwambia asante kwa kumbebea begi.

Asubuhi Dionis alitupeleka pwani ya Mwambani. Alikuwa ameshasimuliwa yote, na hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Karibu, mama. Wake wenzako wako nje huko. Wapole, hawana kelele."

Mama Eva alimtazama bila kutabasamu. Alivaa jaketi la kuelea juu ya kitenge, akakaa mbele ya kayaki, mjomba akakaa nyuma. Mimi nilipanda na Dionis. Maji yalikuwa ya kijani hafifu, na chini yake mchanga ulionekana wazi kama sakafu iliyofagiliwa. Upande wa kulia mikoko ilisimama juu ya mizizi yake. Mahali pale palikuwa pazuri kiasi cha kunitia huzuni, kwa sababu nilijua mjomba alikuwa amepaona miaka yote hiyo bila mtu wa nyumbani wa kumwambia *tazama*.

Kisiwa kilipokaribia, Mama Eva aliinua kidole.

"Huyu ndiye Yambe?"

"Ndiye," mjomba alisema.

Mama Eva alimtazama huyo Yambe muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Hana hata mto wa kunywesha mifugo. Na Karange?"

"Yule kule mbele."

"Mbona mdogo hivyo? Ukalala hapo, mara mbili, na homa zako za kifua?" Aligeuka nusu, kayaki ikayumba. "Halafu unanirushia maji. Miaka kumi na mmoja ulikuwa unajifunza nini huku, Baba Eva? Hata ng'ombe anaogelea bila kumlowesha mwenzake."

Kasia la mjomba lilisimama. Mama Eva alikuwa mbele, hakuweza kuuona uso wake. Mimi niliuona, nikageukia mikoko.

Aligombana naye mpaka Yambe, na wakati wa kurudi pia.

Mjomba alistaafu, akarudi Nambis, wakagombana vizuri miaka minne. Mwaka jana, mwezi wa tatu, moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa. Nilipokwenda kumwona hospitali, Mama Eva alikuwa ametoka kutafuta maji ya moto, na tulimsikia huko nje akimwambia mtu kwamba chupa ile haijaoshwa. Mjomba alisikiliza mpaka sauti ikaisha. Nilipoaga alinishika mkono.

"Nitakapokuwa sipo, ukimpigia simu jioni," alisema, "usimuulize kama amekula. Muulize nini kimemuudhi."