Mama wa Biro na Barua Zangu Nne

Mimi nilizaliwa na kiherehere, na sijawahi kukitubia. Lakini kuna mwanamke mmoja aliyewahi kukituliza bila hata kupaza sauti, na mpaka leo namvulia kofia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Kericho. Alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la mbolea, tukikiita biro, yaani ofisi ya kupigia chapa, naye tukimwita Mama wa Biro: taipureta mbili, mashine ya fotokopi, na kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai. Yeye alizaliwa huku kwenye nyumba za wafanyakazi, na lugha yetu ya Kikipsigis aliijua kuliko wajomba zangu. Kampuni moja ya chai ilipoanza kupokea maombi ya kazi kwa imeli, sisi tuliomaliza shule hatukuwa na anwani. Tulitumia yake. Barua zetu zote ziliondoka na jina lake, kwa hivyo upuuzi hakuutaka.

Nilikuwa natafuta ukarani wa stoo kiwandani mwa kampuni hiyo. Baba alishaniambia kwamba nisipopata kazi kabla ya mvua, narudi kijijini Kiptere kuchuma majani yake ya chai, basi. Nilimpelekea Mama wa Biro kurasa mbili: salamu kwa afisa wa wafanyakazi, salamu kwa bibi yake na watoto, ukoo wetu, kanisa letu, na mjomba aliyewahi kuendesha trekta ya kampuni. Alisoma zote, hakucheka. Kisha akabakisha mistari sita.

"Mwambie wewe ni nani, unataka kazi gani, umesoma nini," akasema. "Halafu ungoje. Mwache apumue."

"Na salamu, mama?"

"Moja inatosha. Bibi yake hamjuani."

Alinirudia hilo la kungoja mara tatu, watu wakisikia. Kisha akanionyesha pa kubonyeza ili barua iende. Hapo aliniamini mno.

Wiki ikapita, kimya. Sasa, kwetu watu wakienda kuposa, siku ya kwanza hawapewi jibu. Wanarudi tena na tena, na wenye binti wanaona kila safari ni heshima. Ukienda mara moja ukatulia nyumbani, watasema hukuwa na haja. Nikaona afisa ananipima vivyo hivyo. Mama wa Biro alipokwenda posta, nikaketi nikatuma ya pili. Kesho yake ya tatu. Ijumaa nikatuma ya nne, nikimwuliza kama kimya chake ni cha ugonjwa, ili kanisani tumwombee.

Jumatatu jibu likaja, na halikuja kwangu. Afisa alimwandikia mwenye anwani kwamba barua yoyote kutoka hapo haitasomwa tena. Mama akaichapisha, akanipa nisome. Watu watano walikuwa kwenye benchi, maombi yao mkononi, na njia yao ilikuwa ile ile niliyoiziba. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza, angenigombeza ningepata nafuu. Aliandika kitu kifupi bila kunionyesha, akatuma, akaendelea kupiga chapa.

Siku kumi hakuongeza hata neno, ingawa wale watano walikuja kila asubuhi kumtazama usoni. Sijaona mtu anayejua kungoja kama yule mama. Siku ya kumi na moja afisa akajibu: barua za wengine zitasomwa, na yule kijana wa barua nne aje Alhamisi.

Afisa alikuwa mzee mwenye miwani na sauti ndogo. Barua zangu zilikuwa mezani.

"Hizi nilitaka kuzitupa pamoja na wewe," akasema. "Nimekuita kwa sababu ya hii." Akanisogezea karatasi.

Ilikuwa na mistari mitatu. Mama wa Biro alimwomba radhi kwa usumbufu, akamwomba asiwahukumu wengine, kisha akaandika kwamba kosa lilikuwa lake, kwa kuwa hakumfundisha kijana huyu kungoja.

"Mzee, alinifundisha," nikasema, na macho yakanijaa. "Mara tatu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia."

Mzee akafunga faili. "Jumatatu saa mbili, stoo," akasema. "Na ungoje nje mpaka uitwe."

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nikangoja.