Ulimi Nyuma ya Kiganja

Aliyekutana na Dorothée Umba kwa mara ya kwanza aliona kioo kabla ya kumwona mwenyewe. Kilikuwa kioo kidogo cha duara, cha kunyolea ndevu, alichokivaa shingoni kwa uzi wa katani kama mtawa avaavyo msalaba. Jua la Kamina lilipokipiga, doa la mwanga lilimtangulia njiani likirukaruka juu ya kuta za matofali, na watoto wakajua kuwa Madame anakuja kabla hawajasikia viatu vyake. Katika daftari la shule aliandikwa Citoyenne, yaani Raia, Umba wa Ngoie, maana serikali ya miaka ile ya Zaire haikutaka majina ya ubatizo. Nje ya daftari, wengi walimwita Madame Dorothée tu.

Alizaliwa Kinkondja, kwa wavuvi, lakini alipokuwa na miaka minne baba yake alipata kazi ya reli Ndola, ng'ambo ya mpaka. Huko Kiingereza kilimwingia kinywani uani, akicheza na watoto wa majirani, bila mtu kumwambia kuwa kinamwingia. Hakusahau jambo hilo. Kwa hiyo parokia ya Kamina, alikokuwa amerudi kufundisha, ilipoamua, mwaka 1986, kujaribu nusu saa ya Kiingereza kila asubuhi katika gardienne, ile shule ya wadogo wasiofika darasa la kwanza, alikubali kwa sharti moja: asiharakishwe.

Kwa wiki sita hakumwomba mtoto yeyote aseme neno. Alisema yeye, aliimba yeye, nao walisikiliza huku wakipanga vifuniko vya chupa. Kisha akaanza na sauti za midomo. Kwa sauti ya p alimpa kila mtoto unyoya wa kuku aushike mbele ya kinywa: unyoya ukiruka, sauti imetoka, ukitulia, hiyo ni p ya nyumbani. Mwisho kabisa aliacha ile sauti ya "three" na "thumb", ambayo hata watoto wa Waingereza huchelewa kuipata. Watu wa pwani wanayo katika thelathini yao, lakini Kamina watu husema makumi tatu na hawaihitaji. Ili itoke, ncha ya ulimi lazima ichungulie kati ya meno. Watoto walisogelea kioo mmoja mmoja, wakauona ulimi, wakapuliza, wakacheka. Muda si mrefu wote kumi na mmoja waliipata.

Mkaguzi wa shule za parokia alikuwa aje kwa treni kutoka Lubumbashi, Jumamosi ya mwisho ya Mei, kuwasikiliza. Akiridhika, darasa litaendelea. Asiporidhika, litafungwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili wakati Kyabu, bibi yake Ndaya, mmoja wa watoto wale, alipoingia darasani bila kubisha, akimvuta mjukuu wake kwa mkono.

"Madame! Weye njo unafundisha batoto kututukana?"

"Karibu, nkambo. Ukae kwanza," alisema Dorothée. Nkambo ndivyo wanavyomwita bibi au babu pale.

"Minyi sikai! Asubui nimemuita huyu akunywe buji. Anageuka, ananitolea lulimi. Minyi, mama ya baba yake! Ndaya, mwonyeshe Madame bile ulifanya."

Ndaya, mwenye miaka mitano, alidhani ameombwa aonyeshe ujuzi wake. Alijinyoosha, akaweka ulimi kati ya meno, akapuliza. "Three!"

Wenzake kumi waliitikia kwa nguvu, ndimi nje: "Three!"

Kyabu alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji. Kwa Waluba, watu wa kwao, kumwonyesha mkubwa ulimi ni sawa na kumtemea mate. Alitoka bila kuaga, akaelekea moja kwa moja ofisini.

Saa sita mchana Dorothée aliitwa. Directeur Kalenga, mkuu wa shule, alikuwa amefunga vifungo vya abacost yake, koti rasmi la miaka ile, hadi shingoni, ingawa joto lilikuwa kali.

"Citoyenne, bazazi batatu bamefika hapa. Hata muke ya sajini Bokungu, na ule si Muluba, ni mutu wa kule jimbo ya Équateur. Anasema hata kwabo ni matusi."

"Directeur, hii sauti haina njia ingine."

"Utafute njia. Nikisikia lulimi ingine, ninafunga darasa mbele ya mkaguzi kufika."

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa na njia. Iliingia kichwani haraka mno, na angepaswa kuishuku kwa sababu hiyo. Aliwafundisha watoto kufunika kinywa kwa kiganja kila walipofikia sauti ile. Malalamiko yakaisha. Kyabu alipokutana naye sokoni alimwitikia salamu, na Directeur akasema kwamba hakika mwenye akili hakosi dawa.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, Dorothée alifunga macho ili asikilize vizuri. Nyuma ya viganja hakusikia sauti aliyoifundisha. Wengine walitoa s, wengine t. Ndimi zilikuwa zimerudi ndani, maana hakuna jicho lililoziona tena, si lake wala la mwenye ulimi.

"Shusheni mikono," alisema.

Mikono ikashuka, na sauti ikakatika. Alimwita Ndaya, akampigia magoti, akamshika mikono yote miwili kwa upole. "Sema, mama. Kama zamani."

Ndaya alivuta mkono mmoja, haukuachiwa. Macho yakajaa machozi. "Madame," alinong'ona, "mukono yangu."

Hapo Dorothée alielewa kosa lake. Mtoto mdogo hachambui. Vinavyokuja pamoja huvipokea pamoja. Kiganja kilikuwa kimekuwa sehemu ya sauti. Zilibaki siku tano.

Jumatano alikwenda nyumbani kwa Kyabu. Alimkuta uani akimenya mihogo, Ndaya kando yake. Dorothée alipiga magoti, akapiga makofi polepole kama anavyofanya mtu mbele ya mkubwa wake, akasubiri mpaka kisu kiwekwe chini.

"Nkambo, nimekosa mara mbili. Kwanza nilileta kile kitu mu nyumba yako bila kukuomba. Pili nilikifunika na mukono, nikazania kimekwisha."

"Na sasa unataka batoto banitolee lulimi, na minyi nicheke?"

"Ninataka weye njo ubape ruhusa. Mutoto mwenye kuomba ruhusa hatukani."

Kyabu alijifuta mikono. Kisha akanyoosha mmoja. "Leta ile kioo."

Alijitazama, akasogeza ulimi mbele, akapuliza. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na upepo ukatoka mtupu.

"Hapana, nkambo!" Ndaya alimkemea. "Lulimi haigusi meno!"

"Meno gani, weye mwizi wa buji?" Lakini pembe za midomo yake zilikuwa zimelegea. Akarudisha kioo. "Siku ya posho, ile Jumamosi ya mkaguzi, nitakuja minyi mwenyewe, nikae mbele. Bataanza kupiga magoti na makofi. Kama mumoja anatoa lulimi bila kuomba, nitafunga ule mulango na hii mikono yangu."

Alhamisi na Ijumaa watoto walijifunza magoti, makofi, kisha kioo. Kufika Ijumaa mchana, saba walikuwa wameirudisha sauti. Ndaya hakuwamo.

Jumamosi treni ilitarajiwa saa mbili asubuhi. Saa sita ilikuwa bado. Kutoka stesheni walituma habari kwamba imeshaondoka Bukama, lakini hakuna aliyejua kama imesimama tena njiani. Directeur Kalenga alisimama mlangoni akitazama saa yake. "Saa saba ninabarudisha kwabo," alisema. "Na barua nitaandika ya kusema darasa halikusikiwa."

Kyabu alikaa kwenye kiti cha mbele, fimbo magotini, bila kusinzia. Dorothée alipita kati ya watoto akiwafuta jasho. Mara tatu aliona kiganja cha Ndaya kikipanda chenyewe kuelekea kinywani, na kila mara akapita.

Saa saba kasoro dakika kumi, honi ya treni ilisikika upande wa stesheni. Directeur alifunga tena kifungo cha shingoni, akaondoka mbio. Watoto walipiga magoti kabla hawajaambiwa. Makofi yao yalikuwa madogo na yamepotoka, lakini Kyabu aliinamisha kichwa.

"Mukae," alisema. "Ruhusa iko."

Walikaa. Nje, nyuma ya ukuta, gari la parokia lilinguruma likienda kumpokea mgeni. Ndaya aliweka mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia isipande tena, akaukodolea mlango macho.