Kona ya Kitambaa

Nilirudi kambini Dzaleka kutoka Lilongwe nikiwa hoi, tena na hasira. Nilikuwa nimemtengenezea mwenye ofisi mmoja wa City Centre ukurasa wa mtandao wa kuandikisha wafanyakazi. Ukimpendeza, ataniajiri. Alijaza jina lake, akaruka sehemu iliyofuata, akabonyeza. Ukurasa ukaganda. Programu yangu ilitarajia maandishi, ikakuta hakuna kitu, ikafa mbele ya macho yetu.

"Rudi Ijumaa, achimwene," alisema, akiniita kaka kwa Kichewa bila kuniangalia.

Mke wangu ni fundi cherehani. Nilimlalamikia huku akipuliza makaa ya pasi.

"Papa ya batoto, we unaaminaka kila kitu bure. Njo vile uliunguza robe ya mama pasta."

Ni kweli. Niliambiwa gauni lile ni la pamba, nikapitisha pasi, kumbe nailoni. Tangu siku hiyo siruhusiwi kushika pasi.

"Mi nagusaka kona kwanza na pasi," akasema. "Kitambaa haina kinywa. Ni we unaiuliza."

JavaScript, lugha niliyoandikia programu ile, ina neno la kugusia kona: typeof. Ukiliweka mbele ya kitu, linakujibu kitu hicho ni cha aina gani, maandishi au namba, au kama hakuna kitu kabisa. Nilikuwa nalijua siku zote. Nilikuwa nimechoka tu, na mtu aliyechoka huamini ovyo. Nikaketi, nikaongeza ukaguzi kwenye kila sehemu: kama hakuna maandishi, simama, mwombe mtu aandike.

Ijumaa mwenye ofisi akaruka sehemu makusudi, akabonyeza. Ukurasa ukamwomba kwa adabu aijaze. Alicheka, akanipa mkono, akageuza kompyuta upande wangu.

"Haya, jiandikishe. Wewe ndiye wa kwanza."

Nilijaza jina, simu, masomo. Nikafika sehemu aliyoniagiza mwenyewe niiweke: kibali cha kazi. Mimi mkimbizi, sina. Niliipita haraka nikabonyeza, na nakiri nilimwomba Mungu niwe nimekosea tena mahali fulani.

"Tafadhali andika kibali chako."

Sikuwa nimekosea. Niliona aibu, kisha nikaona uchovu wa miaka yote ya kambini ukinikalia mabegani. Mwenye ofisi aliusoma ujumbe, akarudisha kompyuta upande wake.

"Umeutengeneza vizuri," alisema taratibu, kisha akanishukuru na kuniaga. "Zikomo, achimwene."

Nyumbani mke wangu aliuliza kama safari hii ukurasa umefanya kazi. Nikamwambia umefanya, nikaomba maji ya kuoga.