Hatua Tatu Kutoka kwa Mizabibu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hapa Doha kila nikifumba macho, kama kitu nilichokiota. Nimeiandika mara tano na kuichana mara nne, maana sikusoma zaidi ya darasa la saba, na kila sentensi naiona ina kasoro. Hii ya tano nimeamua kuiacha ilivyo.

Kiangazi kimoja madamu ninayemlelea watoto alitupeleka Ufaransa, mimi na Bi Salma, mpishi wetu, mtu wa Pemba. Tulifikia nyumba ya wageni ya mawe, iliyozungukwa na mashamba ya mizabibu pande zote, mistari kwa mistari, ikipanda vilima mpaka macho yakachoka. Asubuhi ukungu ulilala juu ya majani, na nyumba ikawa kama inaelea. Kengele ililia mahali fulani. Sikujua wapi, wala sikutaka kujua.

Bi Salma alikuwa na haja moja tu. Miaka kumi na tisa alitia zabibu kavu kwenye wali wa watu, na hakuwahi kuziona zikiwa mtini. Mwezi uliofuata alikuwa anarudi kwao moja kwa moja.

"Nataka niishike moja ingali hai," aliniambia. "Wewe ndiye msomi wa simu, nipeleke."

Siku madamu alipokwenda mjini na watoto, tulipewa ruhusa mpaka alasiri. Lakini mimi, mwanangu, wiki nzima nilikuwa nikipanga njia kwa woga. Nilijua mashamba yale ni ya mvinyo, nikajiongezea mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba hata kupita katikati yake ni dhambi. Mwenye nyumba alikuwa ametutajia mzabibu mmoja wa kula tu, kwenye kibaraza cha jirani nyuma ya kilima. Nikachagua barabara ya lami iliyoyazunguka mashamba kwa mbali. Bi Salma sikumweleza kitu.

Tukatembea. Jua lilikuwa pole, si kama la huku, na upepo ulinukia udongo na majani. Kila hatua kumi nilitazama simu. Magoti ya Bi Salma ni mabovu. Akaanza kuchechemea, na kibaraza hakionekani. Mwishowe aliketi kwenye ukuta mfupi wa mawe, mizabibu ikiwa nyuma yake, karibu kumgusa mgongo.

"We mtoto, zabibu si hizi hapa? Tunakwenda wapi?"

Nikamweleza yote. Alinitazama, kisha mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kwenu Tanga minazi haigemwi pombe?"

"Inagemwa, bibi."

"Na madafu ulikuwa hunywi?"

Nikaitia simu mfukoni.

"Hizi bado hazijamkosea mtu. Ungeniuliza tulipokuwa mlangoni, magoti yangu yangekuombea dua."

Akanyanyuka, akaingia katikati ya mistari, baibui lake likipapasa majani, akienda polepole kama mtu anayevuka maji. Akainama, akakipakata kichala cha zabibu kwa viganja viwili. Zilikuwa za kijani, ngumu bado. Hakuchuma hata moja, maana ni mali ya watu. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nadhani alikuwa akimshukuru Mungu.

"Njoo basi," akaniita.

Nilikwisha kuelewa kwamba nimekosea. Lakini aibu ilinishika, nikabaki barabarani, hatua tatu tu kutoka kwa mizabibu, nikitazama saa. "Nitakuja kesho, bibi," nikasema.

Kesho yake madamu alibadili mawazo, tukafunga mizigo kurudi Doha. Bi Salma sasa yuko Pemba. Akinipigia simu hunisimulia jinsi zilivyokuwa baridi mkononi, nami nasikiliza kama mtu ambaye hakuwahi kufika.

Basi mwanangu, jambo usilolijua muulize anayejua, kabla hujalijengea ukuta na kumzungusha mwenzio mwenye magoti mabovu. Na ukishajua umekosea, usipoteze muda mwingine kwa kuona haya. Nyoosha mguu papo hapo, hata ukiwa na vumbi, hata ukiwa bado unatetemeka. Mimi nimesubiri sana niwe sawasawa ndipo niishi, na siku hazikunisubiri.

Mungu akupe moyo mwepesi kuliko wangu, akuwekee wakubwa wa kukucheka kwa upendo, na akujaalie uingie kila mlango wa heri ungali wazi. Amina.