Maji ya Kupwa kwenye Uwanja wa Gofu

Miaka ile ya vyama vingi, kuna watu Pemba walikuwa hawanunui hata kiberiti kwenye duka la mtu wa chama kingine. Mjomba wangu alikuwa na duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi pale Chake Chake, na chama chake hakikuwa cha majirani zetu. Basi tukawa tunakaa, mimi na mashine, tukitazamana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, na kazi yangu ilikuwa kumpigia chapa mteja asiyekuja.

Kompyuta ile aliileta binamu yangu kutoka Maskati, imeshatumika, na ndani yake alikuwa amesahau mchezo wa gofu. Sikuwahi kumwona mtu akicheza gofu maishani mwangu. Kupiga kile kimpira kulinichosha siku ya kwanza tu. Lakini mchezo ulikuwa na upande wa pili, wa kujitengenezea viwanja vyako mwenyewe. Unainua ardhi kwa kipanya, unachimba, unapanda miti, unamwaga maji. Hapo nikanasa.

“Hivi weye huko dukani wafanya nini kutwa?” mama aliniuliza.

“Natengeneza kiwanja cha gofu, mama.”

“Gofu? Lile la Pujini?”

Kwetu gofu ni jengo lililobomoka, na huko Pujini yapo magofu ya zamani sana. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikamweleza: majani yaliyokatwa mafupi, vishimo, mpira mdogo, watu wenye fimbo.

“Na hao watu wako wapi?”

“Hawapo.”

Mama akarudi kukuna nazi yake. Kwa watu wengi ilikuwa hivyo hivyo. Wengine walikuja mpaka mlangoni kunicheka: msichana mzima, kakaa mbele ya kioo cha kompyuta, anapanda miti isiyozaa. Nikawa nawaamkia kwa adabu zote, kisha naendelea kupanda.

Kilichonishinda ni maji. Katika mchezo ule maji yalikuwa kama shuka moja iliyotandikwa chini ya kiwanja chote. Ukichimba kupita usawa wake, yanajitokeza. Madimbwi yangu ya mwanzo yalikuwa kama mabeseni ya kufulia yaliyozamishwa kwenye majani, buluu tupu, ukingo umekatwa kwa wembe. Nilijua ule ni uongo, ila sikujua uongo wenyewe uko wapi.

Nikaenda kwa shangazi yangu, karibu na Pujini, nikashuka mpaka kwenye mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko. Nikachutama na baibui langu nimelikunja magotini, nikatazama. Majani hayakukutana na maji hata mahali pamoja. Kwanza yalififia, kisha ukaja mchanga mkavu, kisha mchanga mbichi wenye rangi nzito, kisha tope, ndipo maji. Upande mmoja ukingo uliteremka polepole, upande wa pili ulikuwa umelika na mizizi inaning'inia. Penye kina kifupi maji yalikuwa na rangi ya tope. Penye kina kirefu yalichukua rangi ya mbingu. Nikarudi kwa shangazi kula, na niliposhuka tena alasiri kuhakikisha, maji hayapo. Bahari imepwa. Mikoko imesimama juu ya mizizi yake, kaa wanatembea pale palipokuwa na kina, na katikati umebaki mfereji mwembamba unaong'aa.

Nilikasirika, kisha nikafurahi. Mchezo haukujua kupwa wala kujaa. Basi nitautengenezea viwanja viwili: mahali ni pale pale, vishimo ni vile vile, kimoja maji yamejaa, kingine yamepwa.

Kazi ile niliifanya na kuirudia, maana umeme wa kisiwani ulikatika bila kuaga, na kila ulipokatika ulimeza nilichokuwa sijahifadhi. Nilichimba chini kwa ngazi ngazi ili rangi ya maji ibadilike. Nikapaka mikanda ya tope na mchanga, nikaipinda makusudi isilingane. Miti ya mchezo ilikuwa ya nchi za baridi, nikachagua ile mifupi iliyojikunja, nikaizamisha nusu, ikafanana na mikoko kwa mtu aliye mbali kidogo.

Wakati huo mjini kulifunguliwa darasa la kompyuta, na mwalimu wake alitoka Unguja. Nilijiunga. Alipenda kuiga lafudhi yetu ili darasa licheke, lakini nilipomletea kazi yangu kwenye diski, pamoja na mchezo wenyewe, akaiweka kwenye kompyuta ya darasa na kuacha mzaha.

“Dada, hii tutaionesha siku wageni watakapokuja,” alisema. “Ila toa hilo tope. Weka bwawa la buluu, katikati maji yanaruka juu. Wageni wanataka kuona maendeleo.”

“Mwalimu, hapa hapana bwawa.”

“Hapa wapi? Hii ni kompyuta.”

“Hapa ni Pujini,” nikasema, “na sitoi kitu.”

Akatabasamu kama mtu aliyekubali.

Siku ya wageni niliingia na baibui jipya. Kwenye kioo nikakuta kiwanja changu na bwawa la mviringo, buluu, limekaa juu ya mkono wa bahari. Mikoko imeng'olewa yote. Chini limeandikwa jina langu. Mwalimu alikuwa anamweleza mgeni mkubwa, mzee mwenye koti na kofia, jinsi wanafunzi wanavyosonga mbele.

Nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia: “Samahani, mzee. Hii si kazi yangu. Jina ni langu, kazi si yangu.”

Mwalimu akaniambia huku ameuma meno, “Kaa chini.” Sikukaa. Nilitoa diski yangu mkobani, nikavuta kiti chake, nikakifungua kiwanja cha maji kupwa mbele yao wote.

Yule mzee akainama. “Mbona maji yenyewe machache, na machafu?”

“Si machafu, mzee. Bahari imepwa. Ukitaka yaliyojaa ninayo pia, ila haya ndiyo mwalimu aliyoyafuta.”

Akanyoosha kofia yake. “Haya,” akasema, akahamia kwenye kompyuta ya pili. Sikupata zaidi ya hilo. Sikupata cheti pia. Mwalimu aliniambia nisirudi, na sikurudi. Habari zilifika dukani kabla yangu. Nilitegemea mjomba atanikaripia, kwa kuwa mgeni yule alikuwa mkubwa katika chama chake.

“Umenivunjia heshima,” alisema. Kisha akavuta kiti. “Hebu nioneshe hicho ulichokitetea.” Alitazama, akaniuliza kama naweza kuweka na ukingo ule wa Pujini ulioliwa na maji, upande wa kusini. Nikamwonesha kuwa nimeuweka.

Mtandao ulipofika mjini niliviweka viwanja vyote viwili kwenye ukurasa wa watu wa mbali wanaopenda mchezo ule. Mmoja aliandika kuwa hakuna mwenye akili angejenga gofu kwenye tope. Wengine waliuliza nimepataje rangi ile ya kina kifupi, nikawaeleza hatua kwa hatua kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Baadaye nikaona tope langu kwenye viwanja vya watu wasiojua Pemba iko wapi. Mchezaji mmoja aliniandikia kwa hasira kwamba kwenye kiwanja cha maji kujaa mpira wake unapotea kwenye mikoko kila mara, akaniomba niikate michache apate njia.

Nikamjibu: “Mikoko haikatwi. Piga mpira mfupi.”