Ukuta Niliojenga Sebuleni Kwangu

Mke wa mwanangu alikuwa katikati ya usaili, amekaa mbele ya kompyuta sebuleni kwangu, nilipoingia mimi nimelowa chapachapa. Alisimama, akavuta kanga akajifunika kichwa, akainama akatokea mlango wa jikoni. Wale waliokuwa wakimhoji, watu wa nchi ya mbali huko, wakabaki wanaangalia kiti kitupu.

Na mimi nikabaki nimesimama mlangoni, maji yananichuruzika, nasikia sauti ya kizungu inaita ndani ya kile kidude: haloo, haloo. Nikageuka nikatoka. Hata ningekaa ningewaambia nini?

Asiye wa kwetu atashangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao na wewe baba mkwe hamkutani. Hakai ulipokaa, hapiti ulipo, hakutazami usoni, na akiwa na neno na wewe linakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Siku hizi wengi wameacha, kanisani utawaona wanapeana mikono. Sawa, hao ni wao. Huyu alilelewa Kisondela na bibi yake, na bibi yake hakuacha. Mimi pia sijaacha. Nikirudi nyumbani hukanyaga kwa kishindo tangu uani ili ajue nakuja. Siku ile mvua ilikuwa inapiga bati, hakusikia kishindo wala nini.

Sasa hiyo kazi. Alisomea uhasibu. Kampuni aliyokuwa nayo Mbeya ilifungwa, mwanangu yuko barabarani na lori siku zote, basi akaja kukaa kwetu hapa Bagamoyo ya Tukuyu na mtoto mchanga. Akaanza kutafuta kazi za kufanyia nyumbani kwa mtandao. Mimi nilicheka. Nilimuuliza mama watoto ni kazi gani ya mshahara mkubwa mtu anaifanya amevaa kandambili. Nimejenga nyumba nyingi mji huu, na kila mwiko wa udongo niliupata kwa kuufuata kwa miguu. Darasa la tatu ndilo nililoishia. Kusoma vizuri nimejifunzia kwenye mifuko ya saruji. Kazi inayomfuata mtu kitandani sikuijua.

Lakini mwanangu aliponiambia mshahara wenyewe, kwamba unapita wa kwake na wa mwalimu mkuu ukiiweka pamoja, nikaacha kucheka. Mimi siyo mjinga. Kazi ilikuwa ni kutunza hesabu za maduka ya watu, hesabu zinakuja kwa mtandao, zinarudi kwa mtandao. Alikuwa ameomba sehemu nyingi wakamkataa, wengine hawakujibu kabisa. Hii ndiyo pekee iliyofika kwenye usaili. Na alishamwambia mke wangu: ikishindikana hii, anakwenda Dar es Salaam kutafuta ya ofisini, mtoto anatuachia sisi. Mtoto mwenyewe bado ananyonya.

Ndiyo hiyo aliyoikimbia.

Jioni mwanangu alipiga simu, amekasirika lakini ananiheshimu, kwa hiyo akawa anazunguka. Mwisho akasema, "Baba, hayo mambo yaacheni tu. Mkae wote sebuleni, dunia imebadilika." Nikamuuliza, mkeo alipoondoka pale kitini, nilimfukuza mimi? Akasema hapana. Basi, nikamwambia, miguu yake ilimtii bibi yake kabla kichwa hakijafikiri, na kitu kama hicho hakiondolewi kwa simu kutoka Tunduma. Ningemwambia akae angekaa kwa kuwa nimesema, halafu hesabu za watu angezifanya anatetemeka. Nikakata.

Mzee wa kanisa naye alikuja kuniambia wokovu umeshamaliza hayo. Nikampa chai.

Huyu binti ana akili, hilo niliseme wazi. Hakudanganya kwamba umeme ulikatika, ingawa hapa kwetu nani angebisha. Aliwaandikia ukweli: baba mkwe aliingia, na kwa mila yao asingeweza kubaki. Wakamjibu kwamba wamemwelewa na watamsikiliza tena wiki inayofuata, lakini safari hii awaonyeshe chumba chenye mlango, ambacho hakuna mtu atakayemwingilia. Kazi yao ina siri za watu, hawataki sebule ya kupita kila mtu.

Mke wangu alinipa habari hizo huku anamenya ndizi, kama vile ananieleza mambo ya jirani. Nikamwambia ampe chumba chochote. Akaniangalia.

"Chumba gani, we mzee? Kile kijumba ulichowapa walale kiko bondeni kwenye migomba, simu yenyewe haishiki. Tumezunguka naye kila pembe ulipokuwa kazini. Mtandao unashika pale dirishani kwako tu."

Dirishani kwangu. Nyumba nzima niliijenga kwa mikono yangu kwa sababu ya dirisha lile. Linatazama chini barabarani na mashamba ya chai ng'ambo, na kiti changu kiko pale tangu tuingie. Hapo ndipo ninaponywea chai, hapo ndipo ninapomwona mdeni wangu anavyojificha nyuma ya bodaboda.

Niliinuka nikachukua kamba ya kupimia. Mke wangu akauliza naenda wapi. Sikwenda popote, nilianza kupima sebule.

Kesho yake nikaleta tofali za kuchoma zilizobaki kwenye kazi yangu ya Msasani, ya hapahapa Tukuyu. Watu walinishauri niweke mbao au turubai, eti ni haraka. Mimi ni fundi wa tofali. Na turubai haizuii mtu kuona kivuli chako, wala haizuii sauti. Nikaweka ukuta kutoka chini mpaka darini, dirisha likabaki upande wake, mimi nikabaki na nusu ya giza. Upande wake nikatoboa mlango mpya unaotazama jikoni, ili aingie na kutoka bila kupita kwangu kabisa. Mke wangu alibeba maji na kunikosoa.

Jirani alisimama barazani akiwa na mwavuli wake akacheka weee. Akasema hajawahi kuona mtu anajijengea jela na yeye mwenyewe ndiye mfungwa. Nikamwambia akishamaliza kucheka anisogezee ule mchanga. Akausogeza.

Shida ilikuwa hali ya hewa. Tukuyu masika hata shati halikauki, sembuse plasta. Ukuta ulisimama wima, timazi ilikubali, lakini ulikuwa unatoka jasho kama mgonjwa. Niliweka majiko ya mkaa pande zote mbili, dirisha na milango wazi, nikawa nakaa pale nachochea, nikitoka anachochea mama watoto. Kuna wakati nilidhani sitafanikiwa. Sikumwambia mtu. Nilizidisha mkaa.

Kingine nilichohofia ni huo mtandao. Kama ukuta ungeuzuia, ningekuwa nimeharibu sebule bure. Nikatoka uani, nikamwambia mke wangu waingie wajaribu. Walikaa ndani muda mrefu mpaka nikaanza kutukana tofali kimoyomoyo. Halafu mke wangu akatoa mkono dirishani akanionyesha dole gumba. Hilo amefundishwa na wajukuu.

Siku ya usaili nilikusudia kwenda zangu kazini nisisumbue. Mke wangu akanizuia. Akasema kama ukuta unafaa, unafaa nikiwamo ndani. Mimi ndiye mwenye nyumba, siwezi kuwa nahama kila mtu akipigiwa simu. Alikuwa na haki. Nikaingia upande wangu, nikaketi kwenye kigoda, mgongo nimeuegemeza kwenye plasta mbichi. Alijua niko pale. Niliingia kwa kishindo makusudi.

Walianza. Kiingereza sikijui, kwa hiyo sikusikiliza maneno, nilisikiliza sauti.

Jamani, sikuwa namjua yule binti. Tangu aje kwangu nilikuwa naishi na mtu wa kunong'ona. Nikiwa uani, jikoni wananong'ona, nikikohoa, kimya. Nilidhani ndivyo alivyo, mpole, sauti ndogo. Kumbe ana sauti ya kusimamisha ng'ombe. Anaulizwa, anajibu. Anaulizwa tena, anakataa, nilijua anakataa, kukataa hakuhitaji kutafsiriwa. Akaeleza kitu kwa urefu, taratibu, kama fundi anayemweleza tajiri kwa nini msingi lazima ushuke zaidi. Wakacheka, naye akacheka, cheko kubwa la kifuani. Mimi pale kizani shati limeshika ubaridi wa plasta, sikusogea hata kidogo.

Mwishoni alizungusha kompyuta awaonyeshe chumba. Mengine alimsimulia mke wangu, mke wangu akanisimulia mimi. Walimuuliza: na baba mkwe leo yuko wapi?

"Akawaambia, yuko nyuma ya ukuta huu," mke wangu akasema. "Ndiye aliyeujenga."

Jibu lilikuja kabla plasta haijamaliza kukauka. Amepata. Mke wangu alipiga kigelegele mpaka jirani akaja tena na mwavuli wake, safari hii hakucheka, alitaka kujua kama binti yake aliyemaliza chuo naye anaweza kupata kazi ya namna hiyo. Nikamjibu kuhusu binti sijui, hilo akamuulize mhasibu kupitia kwa mke wangu, ila chumba naweza kumjengea, na bei yangu anaijua.

Mkwe wangu naye alileta shukrani zake kwa njia ileile. Ndaga fijo, baba, mke wangu akazifikisha, na kwamba anasikitika kwa dirisha. Nikamwambia asisikitike, dirisha lina kazi kubwa sasa kuliko kumtazama mdeni. Lakini nina sharti moja, nikasema, alipeleke kama lilivyo.

"Mwambie asinong'one tena. Humu ndani aongee kama anavyoongea na wale."

Mke wangu hakwenda popote. Alinyoosha kidole kwenye ukuta, akaniambia yuko upande wa pili, ameshasikia.