Perege Niliowafundisha Baridi

Harufu ya perege wabichi hunipandisha hasira hadi leo, na kosa si lao. Nilipokuwa darasa la sita, nyumba yetu ya Bagara, mjini Babati, ilinuka samaki tangu alfajiri, kwa sababu mama aliwachukua ziwani na kwenda kuwauza sokoni, akisimama kutwa mpaka miguu inavimba. Mwaka ule alichoka kabisa. Akachimba bwawa dogo kwenye shamba letu la Singe, akanunua kwa mvuvi perege sita walio hai, akawaweka kwenye jaba la maji uani wakisubiri bwawa lijae. Wakizaliana, alisema, wateja watawafuata bwawani, naye hatasimama sokoni tena. Mimi nilipewa kazi moja tu, kuwabadilishia maji.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa sayansi alitusimulia bahari za ncha za dunia, ambako maji yana baridi kupita barafu na bado samaki wanaogelea. Wengine, alisema, damu yao haina wekundu hata kidogo, unaweza kudhani ni maji. Nywele zilinisimama. Nikanyoosha mkono, nikauliza wanawezaje kuishi humo.

"Wamezoea," akajibu. "Hata wewe ukihamia Mbulu utazoea baridi. Kaa chini."

Nikakaa, nikamwamini, nikaamua perege wetu nao wazoee. Kila nikitoka shule nilipitia kwa Mama Happy, jirani yetu mwenye friji, aliyeuza barafu za vifuko vya nailoni. Zilizopasuka alinipa bure, bila kuuliza za nini. Siku ya kwanza nilitia moja kwenye jaba, ya pili nikatia mbili, na kuendelea hivyo, taratibu, ili wasishtuke. Ilikuwa Juni, na baridi ya Babati yenyewe ilinisaidia. Ijumaa niliwakuta wamelala ubavu, mapezi yakitikisika kwa mbali, nami mjinga nikafurahi kwamba wametulia, somo linawaingia. Jumamosi asubuhi wote sita walikuwa wanaelea.

Mama hakunichapa, na afadhali angenichapa. Alichuchumaa kando ya jaba, akamchukua mmoja, akamfungua kinywa kwa kidole gumba. Mayai ya manjano yakamwagikia kiganjani mwake, maana perege jike hutunza mayai yake kinywani.

"Ulikuwa unafanya nini, Neema?"

"Nilikuwa nawafundisha baridi, mama. Mwalimu alisema wanazoea."

Akayarudisha yale mayai kwenye jaba. "Na maharage ya bibi yako kule Mbulu, nani aliyafundisha?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Bibi alikuwa na desturi yake: baridi kali ikishaunguza shamba, alipita akifunga uzi mwekundu kwenye kila shina lililobaki kijani, na mbegu za mashina hayo tu ndizo alizopanda mwaka uliofuata. Nyuzi hizo nilikuwa nimezifunga naye kwa mikono yangu mwenyewe! Jibu la swali langu lilikuwa nyumbani siku zote. Samaki wale wa baharini hawakufundishwa na mtu. Baridi ilipozidi, wengi waliganda wakafa. Wachache waliozaliwa na kitu ndani ya damu kinachozuia chembe za barafu zisikue ndio waliobaki wakazaa, na watoto wao wakazaa, kwa vizazi visivyohesabika. Kama kuna kitu perege wangu walihitaji, basi ni kuzaa. Mimi niliwaua mayai yakiwa kinywani.

Bwawa la Singe liliota magugu. Mama hakupata tena mvuvi wa kumletea perege walio hai, akarudi sokoni kusimama mpaka nilipomaliza chuo cha ualimu.

Leo nami nafundisha sayansi, hapa hapa mjini. Juzi nilisahihisha mtihani wenye swali lile lile la samaki wa bahari ya baridi. Mtoto mmoja ameandika "wamezoea", na mwongozo wa kusahihishia unampa alama zote. Nililalamika kwa msimamizi wetu, akanijibu bila kuinua kichwa, "Fuata mwongozo, mwalimu." Nikaweka vema kwa hasira.

Nilipofika nyumbani nilichemsha maji nikamkanda mama miguu, kama kila jioni, huku nikimsimulia. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe bado wanawafundisha samaki?" Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishika miguu yake, na bado imevimba.